Rudisha kete tuone: majibu kwa wachezaji wa gemu wa Arusha na Moshi

Haya ni maswali ya wachezaji wa eFootball na EA FC, gemu za mpira wa miguu, yaliyonifikia wiki hii. Yaliyohusu fomesheni yalikuwa mengi mno, nimeyafunga yote kwenye jibu la kwanza na sitayarudia mwezi huu.

Mkuu, fomesheni gani kali kwa sasa? (Wengi, kuanzia Sakina hadi Kiborloni)

Hakuna. Sema unacheza gemu gani, kwenye simu au PlayStation (PS), uko divisheni ya ngapi, unapenda kumiliki mpira au kupiga kaunta, na mara nyingi unafungwa kutokea wapi. Ukiyaandika hayo utakuta nusu ya jibu umeshajipa. Anayekujibu "4-2-2-2, utanishukuru" bila kukuuliza lolote anajaza grupu tu. Halafu wekeni tarehe kwenye ushauri wenu. Gemu hizi zinafanyiwa marekebisho kila mara, na kuna watu bado wanasambaza mbinu za matoleo yaliyokwisha kana kwamba ni za leo asubuhi.

Kaka, ni kweli gemu ina skripti, yaani matokeo yamepangwa? Kila nikiongoza, dakika za mwisho nasawazishiwa. (Chalii wa Ngarenaro)

Hili neno linaua mazungumzo kuliko matusi. Likishaandikwa, beki aliyepanda na kuacha uwazi hazungumzwi, pasi ya kizembe haizungumzwi, aliyefunga hapewi sifa yake na aliyefungwa hajifunzi kitu. Grupu zima linageuka kuwa msiba.

Kinachojulikana ni hiki. Novemba 2020 wachezaji watatu waliishtaki EA, kampuni ya EA FC, huko California, wakidai kuwa gemu ya FIFA (jina la zamani la EA FC) inabadilisha ugumu wa mechi kwa siri ili watu waendelee kununua vifurushi vya wachezaji. Kampuni hiyo ina hataza (haki ya kumiliki ubunifu) ya teknolojia ya namna hiyo, na ndiyo inayotajwa kila ubishi huu unapoanza, lakini ilikana kuitumia kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu unakojenga timu kwa vifurushi hivyo. Mwaka 2021 walalamikaji waliiondoa kesi wao wenyewe, baada ya kupewa maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi. Hiyo ni habari ya EA. Wewe wa eFootball usiihamishie kwa Konami, watengenezaji wa gemu yako, iwe kwa kuwalaumu au kwa kuwasafisha.

Sasa tuje kwako. Goli ulilofungwa dakika ya 90 unalikumbuka mpaka jina la mfungaji. Ulilofunga wewe dakika hiyo hiyo unaliita uwezo. Chukua daftari. Kwa mechi thelathini zijazo andika kila goli la baada ya dakika ya 80, lako na la mpinzani, na nani alikuwa mbele wakati huo. Ukimaliza lete hesabu yako, tutabishana kwa raha zetu. Na kabla hujaanza, tazama nguvu za wachezaji wako dakika ya 85. Umewakimbiza kuanzia dakika ya kwanza, hujafanya sabu hata moja, halafu unashangaa beki anapitwa?

Nikisema nimefungwa kwa sababu ya lagi (mtandao kuchelewesha gemu), wananicheka. (F., Pasua)

Wanakucheka kwa sababu unaisema ukifungwa tu. Umewahi kushinda mechi ya lagi ukaja kuomba irudiwe?

Lagi ipo, lakini inapimika. Gemu nyingi za mashindano zinakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Ndani ya faiba mwanga unasafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, kompyuta inayoendesha mechi, ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi tu kunakula milisekunde 100, ambazo ni fremu sita, na hapo hatujahesabu vituo vya njiani. Kununua bando kubwa zaidi hakuondoi hata moja kati ya hizo. Wewe wa Moshi na mwenzako wa Arusha mnatenganishwa na kilomita 80 hivi za barabara, lakini kama mechi yenu inapitia seva ya ng'ambo, mpira unakwenda huko kwanza.

Kwa hiyo tazama pingi yako, yaani milisekunde za kwenda na kurudi, uandike hivi: "Pingi ilikuwa inaruka kati ya 60 na 250, saa mbili usiku, Wi-Fi ya nyumbani, dogo alikuwa anaangalia video." Hapo mtu anaweza kukusaidia, maana pingi inayotulia kwenye 120 mkono unaizoea, ila inayorukaruka haizoeleki. Ukiandika "lagi imeniua", tutakupa pole na kuendelea na mambo yetu.

Kuna jamaa wa divisheni ya chini anakosoa uchezaji wetu kila siku. Tumtoe? (Admin, Sombetini)

Mumtoe kwa kosa gani? Kocha José Mourinho hakutamba kama mchezaji, akaja kubeba Ligi ya Mabingwa akiwa na Porto 2004 na Inter 2010. Huyo jamaa akikwambia beki wako wa kushoto anapanda ovyo, jibu linatafutwa kwenye video ya mechi. "Njoo nikupige tano" halijibu chochote.

Na ile "jana nilikufunga 3-0" mnayoitumia kufunga midomo ya watu, hebu tuipime. Wacheza chesi wana mfumo wa viwango wa Arpad Elo, ambao FIDE, shirikisho la chesi duniani, iliupokea mwaka 1970. Ndani ya mfumo huo, anayemzidi mwenzake pointi 200 anatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya alama zote watakazogombea. Pointi 200 ni pengo kubwa, lakini yule wa chini bado anaondoka na karibu robo. Na huo ni mchezo usio na mpira unaogonga mwamba! Mechi moja ya jana usiku haijathibitisha nani anajua. Chezeni kumi, kisha tuzungumze.

Mimi ni admin Moshi mjini, tuko zaidi ya 400. Usiku wa mashindano hapakaliki. Nimeweka sheria 23 na hakuna anayezisoma. (K., Majengo)

Hata mimi nisingezisoma, mdogo wangu. Baki na tatu: usimtukane mtu wala wazazi wake, usikosoe mechi bila klipu, usimfuate mtu inbox bila kukaribishwa. Anayevunja anatoka. Usimwandikie hotuba ya kumuaga, maana hotuba ndiyo inayozaa vurugu ya pili.

Matokeo na ratiba vipe grupu lao ambalo ni admin pekee wanaoandika, mjadala ubaki kwenye jingine. Fainali ikiisha, funga hata hilo la mjadala mpaka asubuhi. Aliyetolewa kwa penalti saa tano usiku hana cha maana cha kumwambia mtu saa tano na dakika mbili.

Ile ya klipu usiiache hata wakikununia. Nenda kijiwe chochote cha drafti hapo mjini uwasikilize wazee. Wanabishana kwa sauti kuliko sisi, lakini ubishi ukikolea mmoja wao anarudisha vizibo vilipokuwa na kusema, "Hapa ulikuwa na njia hii." Ubishi unaishia hapo, au unahamia kwenye njia nyingine inayoonekana na wote. Sisi simu inarekodi mechi nzima, na bado tunabishana kwa kumbukumbu.

Jambo moja hukuliuliza, ila nimeliona kwenye maelezo yako: wewe ni mchezaji, na ndiye unayeamua rufaa za mechi zako mwenyewe. Acha mara moja. Tafuta mtu asiyecheza msimu huo, hata kama ni yule wa divisheni ya chini.

Nikituma voisi ya kuchambua mechi, mada inageuka kuwa mimi. Wanasema ni utani. (Dada wa Njiro)

Dada yangu, usibadilishe jina wala usinyamaze. Utani tunaujua. Mchaga na Mpare wanarushiana maneno kwa sababu kila mmoja ana zamu yake na wote wanacheka. Watu ishirini kumwandama mmoja kwa sauti yake hakuna utani hapo. Admin anayeangalia tu na kuweka emoji ya kucheka ni mshiriki, na mwambie nimesema.

Wanaokufuata inbox kwa vitisho au matusi, usiwajibu na usifute chochote. Piga skrinshoti zenye namba na tarehe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu, cha 23, kinachohusu ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia. Machalii wengi hawajui kama kipo.

Naomba linki ya koini (pesa za ndani ya gemu) za bure. (Sitaji jina wala mtaa)

Hapana. Wanaozitoa wanatafuta akaunti yako, na wiki ijayo utaniandikia umeibiwa.

Tuliweka dau, elfu kumi kumi. Dakika ya 88 naongoza 2-1, mwenzangu simu ikazima. Nani kashinda? (Usa River)

Kama hamkuandika kabla ya mechi kitatokea nini simu ikizima, hakuna aliyeshinda. Kila mtu arudishiwe elfu kumi yake, au mrudie mechi yote. Usiniambie kuhusu hizo dakika mbili. Goli linahitaji sekunde kumi.

Mimi sipendi dau, na sababu yangu ni ya kwenye grupu. Tangu hela ziingie, hakuna mtu anayekiri kwamba alikosea, kwa kuwa kukiri kunamgharimu. Uchambuzi wote umekuwa utetezi wa elfu kumi. Watu wazima mtajijua, lakini walio chini ya miaka 18 wasikaribie kabisa, na wenye vibanda vya PS mnaoshika hela za wanafunzi wakiwa bado na sare, mnajijua mlipo.