Jibu: Mkanda wa kiunoni hautoshi

Ndugu, umeuliza kama mkanda wa kiunoni unatosha kupaka rangi ghorofa ya nne hapo Nyali, Mombasa. Hautoshi. Ukianguka, uzito wote unakukata tumboni na mgongoni. Dai mkanda wa mwili mzima, unaoshika mapaja na mabega, na kamba ifungwe juu ya kichwa ikiwezekana. Usiifunge kwenye grili ya dirisha. Hapa pwani chumvi huila chuma huku rangi bado inang'aa.

Mafundi wengi hawapigi hesabu hii: kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko (kipande kinachorefuka ukianguka ili kupunguza kishindo) huhitaji karibu mita 6 za uwazi chini yako. Ukiwa ghorofa ya kwanza utagonga sakafu kabla haijakushika. Huko kinachookoa ni jukwaa lenye reli na mbao zilizopangwa bila mwanya.

Kununua vifaa ni juu ya mwajiri, kwa Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kwa hiyo msimamizi asikukate mshahara. Mwulize pia nani atakushusha ukibaki unaning'inia, maana damu hukwama miguuni na dakika chache tu zinaweza kukudhuru. Upepo wa kusi ukichachamaa, shukeni.