Omba Ufunguo: Mwaka Wangu wa Kutumika Kanisani Ujerumani

Kila mwaka msimu wa maombi ukifika, vijana wa kwaya hunifuata nje baada ya ibada na swali lilelile: "Dada, nifanyeje nipate ile nafasi ya kwenda kutumika Ujerumani?" Hilo la kupata nafasi, ofisi ya dayosisi itakujibu vizuri kuliko mimi. Leo nazungumza na wewe ambaye umeshapata, barua iko mkononi, na mama ameanza kukutafutia masweta mnadani. Nimewaona wenzetu waliokwenda wakarudi na picha za theluji tu. Inaniuma, maana mwaka mzima wa ujana hauna wa kuurudisha.

Mimi ni mtoto wa Mlalo, huku milimani Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo hapa kwetu mwaka 1891, na shirika lao baadaye likaweka makao Bethel, kando ya mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kuwatunza watu wenye kifafa. Usharika niliopangiwa ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka hapo. Niliondoka nikidhani naijua nyumba ninayokwenda, kwa kuwa jina la Bethel nililisikia tangu shule ya Jumapili. Kumbe kujua jina la nyumba na kujua jikoni kwake ni mambo mawili.

Niseme kwanza kuhusu fedha, kwa sababu ndizo zinazowaumiza wengi. Nilikwenda kupitia utumishi wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, ulioanzishwa mwaka 2011 baada ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima kusitishwa. Kwa kawaida ni miezi 12. Unapewa mahali pa kulala, bima ya afya na posho ya mfukoni. Posho, si mshahara. Kaa na wazazi, shangazi na wajomba kabla hujaondoka, uwaambie waziwazi kwamba huendi kuchuma, unakwenda kutumika na kujifunza. Mimi sikusema. Mwezi wa tatu nilikuwa nalala na simu imezimwa, kwa kuogopa ujumbe wa ada ya mdogo wangu. Maneno ya jioni moja sebuleni yangeniepusha na usiku mwingi wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Wiki za mwanzo nilipendwa sana. Baada ya ibada watu hubaki kunywa kahawa ukumbini, na kila Jumapili kulikuwa na bibi wa kunishika mkono, kuniuliza habari za Afrika na kuniomba niimbe kidogo. Nikaimba. Nikapigwa picha. Nikapewa keki. Walifanya hivyo kwa moyo mweupe na nawashukuru mpaka leo. Lakini ukipita mwezi, mgeni anaanza kujisikia kama ua la mezani. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu kule kwa adabu yao hawakupi jembe. Ni wewe unayepaswa kuliomba.

Nikamwendea mchungaji na Kijerumani changu cha kuunga, nikamwambia: nipe kazi ambayo nisipoifanya, kitu kitaharibika. Alinyamaza kidogo, kisha akanipeleka kwa mtunza kanisa. Huko wanamwita Küster, na ni mtu wa heshima yake. Ndiye mwenye funguo zote, ndiye ajuaye kila swichi na kila tundu la panya. Siku ya kwanza alinipa ufagio. Wiki ya tatu alinipa ufunguo wa mlango wa pembeni, mzito kama kitasa cha ghala. Nikitazama nyuma, mwaka wangu ulianza siku ile.

Kwa nini ufunguo? Kwa sababu mwenye ufunguo anategemewa, na anayetegemewa hufundishwa. Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda kuwasha joto la kanisa. Si kuwasha tu. Kanisa lile la mawe lina kinanda kikubwa cha filimbi, na mbao zake zikipashwa joto kwa haraka hupasuka. Kwa hiyo joto hupandishwa polepole, kama nyuzi moja kwa saa, na unaandika kwenye daftari. Kisha unapanga namba za nyimbo kwenye ubao, unakagua mishumaa, unajaribu vipaza sauti kimoja kimoja. Pale kwenye mitambo ya sauti nilijifunza jambo ambalo nyumbani tulikuwa tunalikosea miaka yote: kipaza sauti kikianza kupiga kelele, sisi hukimbilia kupunguza sauti ya kanisa zima. Mtunza kanisa alinionyesha kwamba kwanza unaangalia spika imeelekea wapi, unaisogeza mbele ya mhubiri badala ya kuwa nyuma yake, halafu unafunga vipaza visivyotumika. Dakika mbili. Nimelifanya kwenye makanisa manne tangu nirudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usiombe "kujifunza mambo mengi". Omba kazi ya mtu mmoja mwenye mikono, ukae chini yake. Mpango wenyewe utakupa siku 25 za mafunzo kwa mwaka, na ni nzuri, utakutana na vijana wa nchi nyingine. Ila ufundi nilioupata mimi haukutoka kwenye semina hata moja.

Ulitoka chumba cha chini ya ukumbi, kila Alhamisi jioni.

Wewe uliyekulia KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, unajua matarumbeta. Krismasi, Pasaka, mazishi, uzinduzi wa jengo, bila matarumbeta sherehe haijaanza. Kule kwenye chimbuko lake kila usharika mkubwa una kundi lake, wanaliita Posaunenchor, na eneo lile la Bielefeld ni kitovu chake. Ndiko alikofanya kazi mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa 1856, ambaye watu walimwita jenerali wa matarumbeta. Niliposikia wanafanya mazoezi nilishuka ngazi nikijua nimefika nyumbani. Lakini kilichonishika hakikuwa muziki. Kwenye kona kulikuwa na mzee mstaafu na meza yake, taa, vitambaa na vichupa vya mafuta, akitengeneza vyombo vilivyoharibika.

Nikakumbuka stoo ya usharika wetu. Matarumbeta saba yamelala ndani ya gunia, yameota kutu ya kijani, vali, yaani vile vitufe vya kubonyeza pamoja na vyuma vyake vya ndani, zimeganda, na kila mwaka tunapitisha sadaka maalumu ya kununua mapya. Nikamwomba mzee yule nikae karibu yake. Akasema njoo Alhamisi saa moja kasoro robo kabla ya wengine. Nikawa nafika saa kumi na mbili na nusu.

Nitakueleza alichonifundisha kwa kirefu, maana najua yuko anayesoma hapa akiwa na tarumbeta bovu kabatini. Vali za tarumbeta ni tatu, na kila moja ina namba yake, mara nyingi imechongwa juu ya chuma chenyewe. Ya kwanza hukaa karibu na anayepuliza. Zitoe moja moja, uzipange mezani kwa mpangilio huo. Osha bomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Maji ya moto hubandua ile rangi ya juu. Usisugue kwa msasa wala steeli waya, utakwangua chuma na vali haitaziba tena. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, dondoshea mafuta mepesi ya vali, rudisha kila moja mahali pake. Zile bomba za kuvuta za kurekebisha sauti hutaka grisi, si mafuta. Na kile kipande cha kupulizia kikikwama, usikitie koleo kamwe. Nusu ya matarumbeta tuliyoyaua Usambara yaliuawa na koleo.

Mara ya pili tu alipoacha nifanye peke yangu, nilitoa vali za matarumbeta matatu kwa pamoja ili nimalize upesi, nikazichanganya. Mama mmoja wa kundi akachukua chombo chake, akapuliza, hewa haikupita. Mazoezi yakasimama. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee hakusema neno. Aliniketisha, akazima taa ya meza, akanipa vali mkononi nizitambue namba kwa kidole gumba gizani, mpaka nikazipanga zote tisa. Tangu siku hiyo sifungui chombo cha pili kabla cha kwanza hakijalia.

Kuna kingine kuhusu wazee wa kule, na hapa nitaomba unisikilize vizuri. Nilikuwa pia nawatembelea waumini waliotimiza miaka 80 na kuendelea, siku yao ya kuzaliwa, kupeleka kadi ya usharika. Hakuna kubisha hodi tu. Unapiga simu siku kadhaa kabla, mnakubaliana saa, unafika saa hiyohiyo. Mwanzoni niliona ni ubaridi wa moyo. Baadaye nikaja kuelewa kwamba bibi yule alikuwa ameoka keki tangu jana yake, ametandika kitambaa kizuri, amevaa mkufu, na mimi ndiye mgeni wake wa pekee siku ile. Ukichelewa nusu saa umemla nusu ya furaha yake. Fika mapema dakika kumi, subiri barabarani, piga kengele saa yake.

Na hao ndio walimu wa lugha. Darasani nilipata sarufi, kwa akina bibi nilipata Kijerumani. Mtu wa miaka 84 haongei haraka, harukii Kiingereza ili kukusaidia, na hachoki kukurudia. Nilikuwa na kijidaftari, kila ziara natoka na maneno kumi. Kabla ya kuondoka Tanzania nilisoma Dar es Salaam, Goethe-Institut, hatua ya kwanza tu. Miezi minane baadaye nilisoma somo la Agano la Kale mbele ya usharika, na bibi mmoja wa benchi la tatu alikuwa anatikisa midomo pamoja nami, neno kwa neno.

Novemba itakujia. Mimi baridi ya Julai ya Lushoto naijua, sikuiogopa ya kwao. Kilichonielemea ni giza: jua linazama saa kumi na nusu jioni, maduka Jumapili yamefungwa, barabara tupu, na nyumbani unajua sasa hivi watu wanatoka ibadani na mnada wa ndizi na mayai umepamba moto. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio wanasoma majina ya wote waliofariki mwaka ule, kwa kila jina mshumaa unawashwa. Mimi ndiye nilikuwa nawasha. Jina la saba lilikuwa la bibi niliyempelekea kadi mwezi Mei. Mkono ulitetemeka, mtunza kanisa akanishika kiwiko, tukauwasha pamoja.

Ukielemewa, sema. Usijifungie chumbani ukasali peke yako ukidhani kulia ni upungufu wa imani. Kila mtumishi wa kujitolea anapangiwa mtu wa kumsimamia. Mwambie siku ileile. Tafuta pia Waswahili, wapo karibu kila mji mkubwa. Mimi mara moja kwa mwezi nilipanda treni kwenda kula ugali na familia ya Watanzania, nikacheka kwa lugha yangu mpaka mbavu zikauma, nikarudi nikiwa mzima. Ila mara moja kwa mwezi. Kuna mwenzangu alikuwa huko kila jioni, mwaka ukaisha hana Kijerumani na hana fundi anayemkumbuka.

Miezi miwili kabla ya kuondoka, omba cheti chako. Ni haki yako kwa sheria ya utumishi huo kupewa maandishi yanayosema ulifanya nini na kwa muda gani. Usikubali karatasi inayosema tu kwamba ulikuwa mchangamfu na mwenye tabasamu. Kaa nao, taja kazi zako moja moja: mitambo ya sauti, utunzaji wa jengo, ziara za wazee, matengenezo ya vyombo vya muziki. Yangu ilirudishwa kuandikwa upya mara mbili, na sikuona aibu kuirudisha.

Begi la kurudi pia lifikirie mapema. Wengi hujaza chokoleti na viatu. Zawadi za nyumbani lazima, sikatai. Mimi niliweka vichupa sita vya mafuta ya vali, brashi za kupitishia ndani ya bomba, vipande vya kizibo laini kwa ajili ya kitundu cha kutolea mate, na kifaa cha kung'oa kipande kilichokwama, ambacho mzee alikitoa kwenye droo yake mwenyewe akakifunga kwa gazeti.

Yale matarumbeta saba ya kwenye gunia, matano yanalia. Mawili yalishapasuka, nayavunjia vipuri. Vijana watatu wa kipaimara hukaa nami Jumamosi mchana, na kila mmoja ana ufunguo wa stoo kwa zamu. Wiki hii mezani kuna tarumbeta la usharika wa jirani, vali ya pili imeganda kabisa, tumeilowesha mafuta tangu juzi na hatuilazimishi. Kama lako nalo limekwama, lilete kabla ya Kwaresima, ili Pasaka liwe limepona. Koleo liache nyumbani.