Wali, mchuzi na sinia la Ijumaa: majibu ya maswali yenu

SWALI: Assalaam alaykum. Kila Ijumaa tunakula pamoja, watu wazima sita na watoto watatu. Napika kilo moja ya mchele kwa nazi mbili kubwa, lakini wali unaungua chini na juu una kiini. Nikiongeza maji unakuwa bokoboko. Nakosea wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Kiasi chako ni sawa, kilo moja inawatosha. Tunachoshuku ni tui. Wengi hulitia lote pamoja tangu mwanzo, zito na jepesi. Tui zito hushika chini ya sufuria likaungua, na kwa uzito wake halichemki vizuri kufika juu.

Kamua tui la kwanza kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu, lichuje kwa kifumbu, liweke kando. Machicha yakamue tena mara mbili mpaka upate vikombe 6 vya tui jepesi. Mchele uoshe, uroweke nusu saa, uuchuje. Chemsha tui jepesi pamoja na vijiko 3 vya chai vya chumvi, na hiliki mbili tatu ukipenda. Likishachemka ndipo utie mchele. Koroga mara moja tu, funika.

Tui likishuka hadi usawa wa mchele na vitundu vikaanza kuonekana, mimina tui la kwanza, geuza kwa mwiko taratibu kuanzia pembeni. Sasa palia: makaa machache yabaki chini, mengine yote yapande juu ya kifuniko, dakika 20. Kiini cha juu kinatokana na kukosa moto wa juu, si kukosa maji, ndiyo maana ukiongeza maji unapata bokoboko. Anayepikia gesi aweke chuma cha chapati chini ya sufuria, apunguze moto kabisa, na abane kifuniko kwa kitambaa safi, ncha zake azikunje juu zisifike kwenye moto. Usifunue kuchungulia, mvuke ukitoka wali haumalizii kuiva. Na ukipata mchele mpya, punguza nusu kikombe cha tui jepesi, kwani haunywi maji kama wa zamani.

SWALI: Mchuzi wangu wa samaki tui linakatika, mafuta yanaelea juu. Natia ndimu ya kutosha ili kuondoa shombo.
Msomaji, Jang'ombe

JIBU: Ndimu hiyo na moto mkali ndivyo vinavyolikata. Protini ya nazi ikipata joto kali huganda na kuyaachia mafuta, na uchachu wa ndimu, ukwaju au embe mbichi huharakisha. Shombo liondoe mapema: samaki mpake ndimu na chumvi robo saa, msuuze, kisha mkaange au mchome kidogo ili asivunjike chunguni. Kaanga vitunguu, thomu na bizari, tia tungule zipondeke kabisa, halafu tui jepesi na samaki, dakika 5 hadi 8. Tui zito ni la mwisho. Moto uwe mdogo, chungu kiwe wazi, na upawa usitulie, teka na kumimina mpaka litokote pembeni, kisha epua. Ndimu ya ladha ikamuliwe baada ya hapo. Likikatika bado linalika, ila mchuzi unakosa ule ulaini wake.

SWALI: Tunataka turudi kula sinia moja. Tuanzie wapi? Kijana wetu huchelewa kazini.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Anzeni na saa. Sinia halina subira, kila kitu kiive pamoja. Kama mnakula saa 8 baada ya sala ya Ijumaa, nazi ikunwe saa 5, samaki akaangwe saa 6, mchele uingie sufuriani saa 7 kasoro robo, na tui zito la mchuzi liwe kazi ya mwisho kabla ya kupakua.

Watu wanne au watano wanatosha kwa sinia moja, wakizidi mikono inagongana. Watoto wapeni sinia lao na mtu mzima mmoja, na kitoweo chao kiwe nguru au jodari, kwa sababu tasi na changu wana miba midogo mingi. Mchuzi uwe kwenye bakuli, umwagiwe kidogo kidogo kila mtu mbele yake. Ukimwagwa wote, nusu ya wali inalowa kabla haijaliwa.

Kijana mpakulieni kabla mkono wa kwanza haujaingia siniani, mfunikieni kwa kawa. Kama atachelewa kwa zaidi ya masaa mawili, sahani yake iwe kwenye friji tangu mapema. Wali wa nazi huchacha haraka kwa joto letu, na bakteria wa wali huacha sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto.

Ukoko ukwangueni ungali moto, muwawekee watoto sahani yake pembeni. Ukipoa hung'ang'ania sufuria.