Excel inapouliza alfajiri na ofisini hakuna mtu

SWALI: Tunauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kompyuta yetu ina skripti inayofungua Excel saa 10 alfajiri, inajumlisha magunia ya jana na kutoa ripoti ya PDF. Umeme ukikatika saa hiyo, siku inayofuata ripoti haipo. Nikifungua Excel mwenyewe naulizwa: ilishindwa kuanza mara iliyopita, je, ianze katika hali salama? Nimeandika DisplayAlerts = False ili Excel isiulize maswali, lakini wapi! – Karani, Mwanza

JIBU: Ndugu karani, amri yako ni sahihi ila inafika imechelewa. DisplayAlerts hutiiwa na Excel iliyokwisha kuamka. Swali la hali salama hutokea inapoamka, kabla skripti haijaishika, kwa hiyo skripti inaganda kwenye mstari wa CreateObject, ule unaoiamsha Excel, ikingoja mtu abonyeze Hapana.

Kumbukumbu ya kuanza vibaya hukaa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), chini ya StartupItems. Weka mstari huu kabla ya CreateObject, kwenye faili la bechi (.bat) linaloita skripti:

reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Excel\Resiliency\StartupItems" /f

Namba 16.0 ni ya Office 2016, 2019 na 2021. Ya 2013 ni 15.0. Ikijibu kwamba ufunguo haupo, si kosa: hakukuwa na cha kufuta.

Tafadhali usifute Resiliency yote, ingawa wengi hufanya hivyo. Ndani yake kuna DisabledItems, orodha ya viongezi (add-ins) na mafaili ambayo Excel imeyashuku kuiangusha. Ukiifuta, unamrudisha mkosaji kazini. Kuna pia DocumentRecovery, inayokumbuka kazi ambazo hazikuhifadhiwa. Ukiigusa, mwenzako aliyekuwa anaandika hesabu za jioni anaweza kupoteza njia ya kuzirudisha. Ndiyo maana skripti ifunguliwe akaunti yake ya Windows: HKCU, sehemu ya rejista tunayofuta ndani yake, ni ya mtumiaji mmoja tu, kwa hiyo usafi wa skripti hautagusa kazi ya mtu mwingine.

Jambo la pili ni Excel iliyobaki nyuma. Ukiwekea kazi kikomo cha dakika 15 kwenye Task Scheduler (kipanga ratiba cha Windows), kinachosimamishwa ni skripti, EXCEL.EXE yenyewe inaweza kubaki hai bila dirisha, imeshikilia faili. Iondoe kwanza, ya akaunti hiyo pekee (hapa tumeiita ripoti):

taskkill /F /IM EXCEL.EXE /FI "USERNAME eq ripoti"

Hiyo iwe dawa ya mwisho, kwa sababu kuiua Excel inapoamka ni sawa na kukata umeme. Afadhali skripti ifunge kitabu (faili la Excel) kwa Close False kisha Quit, hata pale kosa linapotokea katikati. Wakati wa kufungua kitabu kwa Workbooks.Open, weka 0 kwenye nafasi ya pili, ya UpdateLinks, la sivyo swali la kusasisha viungo vya mafaili mengine litakuwa kikwazo kingine. Na UPS ndogo (betri ya akiba) inunuliwe.

SWALI: Sisi tuko Ilemela, tunatumia LibreOffice. Nayo inataka kurejesha mafaili kila ikianguka.

JIBU: Ianzishe kwa soffice --headless --norestore. Ongeza -env:UserInstallation yenye folda ya wasifu (mipangilio ya mtumiaji) ya peke yake, kwa maana LibreOffice nyingine ikiwa wazi kwa wasifu uleule, amri ya kugeuza faili inaweza kuisha bila kutoa PDF.