Usimpe hata senti kabla hujakigeuza hicho kijiko

Kaka, umesema umeonyeshwa kijiko cha kumpakia mafuta Malkia Elizabeth alipotawazwa 1953, muuzaji anataka 22,000, anaapa ni fedha iliyopakwa dhahabu, nawe unauliza kama bei ni sawa na kinasafishwaje. Tafadhali, usitoe pesa!

Mimi nilitoa 18,000. Duka liko Ndia Kuu, Mombasa, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Yule bwana alinikalisha, akaniagizia kahawa na kashata, akaniambia kijiko kile kilikuwamo kanisani siku yenyewe. Wallahi nilimwamini. Zilikuwa pesa za karo ya mwanangu. Nikakipeleka kwa sonara nikitumaini faida. Hata mizani hakugusa. Alikigeuza, akaweka ukucha nyuma ya mpini, akasema, "Soma." Herufi nne, ndogo kama ufuta: EPNS. Yaani mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, juu utando mwembamba wa fedha. Alinipa 600, tena kwa huruma. Mke wangu hakusema neno siku mbili.

Na uongo ule wa kanisani ndio unaonichoma mpaka leo. Kijiko chenyewe ni kimoja tu, cha karne ya 12, kiko Mnara wa London. Mwaka 1649 Bunge lilipoyeyusha mataji ya wafalme, hicho kilinusurika kwa sababu Clement Kynnersley, mtumishi wa zamani wa Mfalme Charles wa Kwanza, alikinunua kwa shilingi 16, baadaye akamrudishia Mfalme Charles wa Pili. Ndicho kilichotumika 1953, na ndicho hichohicho Mei 2023 alipotawazwa Mfalme Charles wa Tatu. Sasa huyo wako amekipata wapi, aliruka ukuta wa mnara? Mtu anayekula karo ya mtoto kwa kiapo hana haya!

Nakala za fedha halisi zipo, sikatai. Lakini fedha ya Uingereza ya miaka ile iligongwa mihuri: simba anayetembea, alama ya mji (Birmingham ni nanga), herufi ya mwaka na alama ya fundi. Nyingine za wakati ule zina pia kichwa cha Malkia. Kisanduku chenye kitambaa cha buluu si ushahidi. Geuza kwanza, soma mgongo, ndipo mzungumze bei.

Mwambie leo akutumie picha ya nyuma ya mpini, ya karibu, penye jua. Iweke hapa tuisome pamoja kabla hujarudi dukani.