Kitabu au siriz? Maswali yenu mwezi huu

*Habari dada, nimemaliza Game of Thrones sizoni zote nane na nina hasira mpaka leo. Mwanzoni nilikuwa silali, ila za mwisho mambo yanakimbizwa tu, mtu yuko kaskazini mara kashafika kusini. Watu wananiambia soma vitabu ndo utapata mwisho wa maana. Ni kweli? – Msomaji, Mwanza*

Pole sana mdogo wangu, na nikuambie ukweli hata kama utakuuma zaidi: mwisho huo kwenye vitabu haupo, haujatoka. George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu hivyo, alitoa cha kwanza 1996, cha tano kikatoka Julai 2011, miezi mitatu tu baada ya siriz kuanza kuonyeshwa chaneli ya HBO, na cha sita mpaka naandika hapa bado tunakisubiri, na baada ya hicho amepanga cha saba. Kwa hiyo siriz ilivipita vitabu njiani. Watengenezaji wake, David Benioff na D. B. Weiss, waliambiwa na Martin mambo makubwa ya mwisho, sawa, lakini kuambiwa nani atafia wapi ni kitu kimoja na kuwa na kurasa elfu moja zinazokuonyesha amefikaje hapo ni kitu kingine kabisa. Juu ya hapo sizoni zilizokuwa na epizodi kumi kumi zikashuka, ya saba ikawa na saba na ya nane sita. Hiyo mbio uliyoiona ndo imetokea hapo.

Halafu kuna watu wazito wamerukwa (kama hutaki kujua ruka hii aya). Kwenye kitabu Catelyn, yule mama wa familia ya Stark, anarudi baada ya kuuawa, hasemi vizuri, koo limekatwa, na anawanyonga waliomfanyia ubaya mmoja mmoja. Kuna pia kijana anayejiita Aegon Targaryen anatua na jeshi la kukodi kuutaka ufalme. Ukishawatoa hawa, matukio mengi ya huko kusini yanakosa mwenye kuyasukuma, na mimi naamini kabisa siriz iliumia hapo kuliko kwenye hivyo vita vya usiku watu wanavyovilalamikia.

Ila soma tu, usiache. Kila sura uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja, basi. Jaime Lannister vitabu viwili vya mwanzo unamuona kwa macho ya wengine unamchukia roho yote, cha tatu unapewa sura zake na unaanza kuona aibu kwa ulivyomhukumu. Cersei naye hapati sura hata moja mpaka kitabu cha nne! Hapo ndo siriz iliwahi, mwigizaji Lena Headey alikupa huyo Cersei na hofu zake kuanzia sizoni ya kwanza, kwa uso tu. Na Martin anaijua TV vizuri, alifanya kazi huko miaka ya 80, script zake zikawa zinapunguzwa kwa sababu ni ghali, ndo akaamua kuandika kitabu kikubwa anavyotaka. Cha ajabu ile epizodi ya vita vya Blackwater kaiandika mwenyewe na bado ule mnyororo mkubwa ambao Tyrion, mdogo wake Cersei, kwenye kitabu aliwafanya wahunzi waufue, wa kuzifungia mtoni meli za Stannis aliyekuja kuuvamia mji, haukuonekana kwenye skrini.

*Shikamoo dada. Mimi majoka siyawezi, nataka mambo ya anga. The Expanse inasifiwa ila nasikia ilikatishwa, je nianze au nitamaliza bando bure? – Msomaji, Mombasa*

Marahaba. Anza leo leo. Siriz imetoka kwenye vitabu, na huyo James S. A. Corey unayemuona kwenye jalada ni watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, na huyo Franck alikuwa msaidizi wa Martin. Vitabu ni tisa, 2011 mpaka 2021, vimekamilika. Siriz ilianza chaneli ya Syfy 2015, ikafutwa 2018 baada ya sizoni tatu, mashabiki wakachanga hela wakakodi ndege ikapita na bango juu ya ofisi za Amazon, na Amazon wakaichukua mpaka sizoni ya sita iliyoisha Januari 2022. Haikukatwa vibaya lakini, maana kitabu cha saba kinaruka karibu miaka 30 mbele, kwa hiyo ukimaliza sizoni ya sita umefika mahali stori yenyewe inapopumzika, ingawa kuna uzi mmoja wa sayari ya Laconia utabaki unaning'inia mpaka usome.

Ninachokipenda ni kwamba waandishi wenyewe walikuwa chumbani script zikiandikwa. Walibadilisha vitu bila huruma na havikuharibika. Chrisjen Avasarala, yule mwanasiasa wa Umoja wa Mataifa, kwenye vitabu anaingia cha pili, TV wamemleta epizodi ya kwanza kabisa, na Drummer wamembebesha kazi za wahusika watatu wanne wa kitabuni mpaka amekuwa mtu unayemuwaza siku nzima. Na sayansi wanaiheshimu: ndani ya chombo cha angani watu wanapata uzito injini ikisukuma tu, ikizimwa wanaelea, na nusu ya safari kinageuzwa kinyumenyume ili kipunguze mwendo. Siasa yake ni maji na hewa, barafu inaletwa kutoka pete za Zohali na watu wa Ceres, kijisayari chenye makazi, wanapimiwa maji. Mtu yeyote aliyewahi kununua maji kwa mtungi atawaelewa haraka sana.

*Kuna 3 Body Problem ya Wachina na ya Netflix, ipi? – Msomaji, Dodoma*

Ya Wachina, yaani ya kampuni ya Tencent, 2023, epizodi 30, inafuata kitabu cha kwanza cha Liu Cixin taratibu, hofu inakupanda bila kujua. Ya Netflix, 2024, epizodi 8, wamo hao hao Benioff na Weiss pamoja na Alexander Woo, na mwanasayansi mmoja wa kitabuni wamemgawa marafiki watano wa Oxford, tena wengine wametolewa kitabu cha pili na cha tatu. Safari hii lakini vitabu vyote vitatu vipo tayari, kwa hiyo hawana kisingizio cha mwisho. Mimi nachagua ya Tencent, ila ile ya Netflix ina mwanzo mkali zaidi, mwaka 1966, baba wa Ye Wenjie, mwanasayansi aliye kiini cha stori, anapigwa mpaka anakufa mbele ya umati.

*Na sisi je, hatuna cha kuigiza? – Msomaji, Nairobi*

Tunacho jamani! Kuna riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kirushwe angani akafie huko, badala ya kufa anatua nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa. Na Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951, nchi inayoelea hewani kabisa, Karama kashtakiwa na waziri Majivuno na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi wakafungwa. Hebu hesabu mwenyewe, wajumbe sita, epizodi sita, kesi moja inayowashika wote, na seti kubwa ya kujenga ni ukumbi mmoja wa baraza, hizo safari tunazo fukwe na milima ya kuzipigia picha.