Upele nyumbani: niliyojifunza baada ya miezi mitatu ya kujikuna

Jumapili nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Dodoma. Ana miezi miwili anajikuna, usiku ndiyo balaa, ameshamaliza tyubu nne za krimu, na kazini anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Akaniuliza: "Dada, wewe ulifanyaje? Maana mimi hata hospitali naona aibu." Niliposoma nikajiona mimi wa mwaka juzi.

Wengi mnaonisoma hapa ni wapambanaji wenzangu, mnatafuta fremu yenu na jina lenu, kwa hiyo mtanielewa. Mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu ndiyo mtaji. Na upele ulianzia hapohapo, katikati ya vidole, vipele vidogo kama punje za ulezi. Mchana ulivumilika. Usiku, nikishajifunika na mwili ukapata joto, ulinivaa kiunoni, kwapani, chini ya matiti, kwenye vifundo vya mikono. Saa nane za usiku niko bafuni najimwagia maji ya baridi. Asubuhi shuka lina madoa ya damu.

Siku moja nilikuwa namchukua vipimo mteja wa sare za sendoff, kazi ya watu 12. Nimeshazungusha futi kamba kiunoni mwake, akainamisha macho akaviona vidole vyangu. Hakusema neno. Alirudi nyuma hatua moja, akasema amekumbuka ana mahali anawahi. Kesho yake alimtuma kijana aje kuchukua vitambaa vyote. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikuwa naoga asubuhi na jioni na kiti changu cha kazi nakipangusa kila siku. Upele si uchafu, jamani! Ni mdudu asiyefika hata nusu milimita. Jike lake linachimba kijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na anahama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, hasa kulala kitanda kimoja. Hamuulizi mtu ameoga saa ngapi.

Duka la dawa nilipewa krimu ya mchanganyiko. Siku tatu nikadhani nimepona. Kumbe ndani yake mlikuwa na steroidi, ambayo inatuliza mwasho na wekundu huku mdudu akiendelea na shughuli zake. Wiki mbili baadaye upele ulikuwa mapajani. Dada yangu wa Dodoma, hizo tyubu nne zako nazifahamu.

Nilipokata shauri kwenda zahanati, tabibu aliwasha tochi, akanipanua vidole, akaangalia kidogo tu. Halafu akauliza, "Nyumbani nani mwingine anajikuna?" Nikasema mwanangu wa miaka kumi, aliyerudi likizo kutoka bweni. Akaniambia tupake dawa wote tunaoishi pamoja, siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 kabla mwasho haujaanza.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika leo. Nyumbani tulikuwa na mama mkwe, analala kitanda kimoja na mjukuu wake. Nikashindwa kumwambia. Alikuwa amewahi kusema neno kuhusu jiko langu, na mimi neno lile nililiweka moyoni. Nikanunua dawa ya watu wawili tu. Tukajipaka kwa kujificha, mimi na mtoto, nikachemsha mashuka, nikaanika juani. Tukapata nafuu. Haikupita muda mtoto akaanza tena, kisha mimi.

Jioni ile nilimfuata mama uani nikamweleza, macho nimeyaangusha chini. Alinyamaza, kisha akalegeza kanga yake akanionyesha kiuno. Kilikuwa kimechubuka chote. Akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani ni mimi niliyewaletea kutoka kijijini." Alikuwa anajikuna gizani, anamficha mkwe, na mkwe anamficha yeye.

Tulianza upya, safari hii kaya nzima, na mume wangu aliporudi safari tulimsubiri ili tupake naye. Dawa ilikuwa ile ya maji meupe kama maziwa, benzili benzoeti ya asilimia 25. Tulioga, tukakauka, tukajipaka kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha tulizokwisha kuzikata. Ya mtoto tabibu alinielekeza niizimue kwa maji. Inachoma palipochubuka, nisiwadanganye. Nguo na mashuka tulivichemsha. Visivyofulika nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, maana mdudu akikosa ngozi ya mtu hadumu.

Halafu mwasho ukaendelea! Nilitaka kujipaka tena kila siku, tabibu akanizuia: ukizidisha, dawa yenyewe inaunguza ngozi, na mwasho unaweza kubaki wiki 2 mpaka 4 hata wadudu wakiwa wamekufa. Alinipa vidonge vya kutuliza mwasho nipate usingizi. Mchana nilibonyeza kitambaa cha maji baridi badala ya kujikuna, maana kucha zinafungua ngozi, vijidudu vinaingia na panatunga usaha. Wiki ya tatu nililala mpaka alfajiri.

Kwa hiyo acheni kuficha. Semeni ndani ya nyumba, hata kwa yule mnayemwogopa, yule hasa. Kama shule imemrudisha mtoto anajikuna, mwalimu naye aambiwe.

Dada wa Dodoma, umeniandikia kwamba mnalala watano, pamoja na binti wa kazi. Nenda zahanati waangalie ngozi yako, na kama ni upele, usitoke na dawa ya mtu mmoja. Chukua ya watano, na binti wa kazi mpe mwenyewe mkononi.